Mlezi, Fundi na Mwanagenzi katika Utafiti wa Udaktari

Katika utenzi wa kale wa Wayunani usimuliao safari za Odysseus, mfalme huyo alipokwenda vitani aliiacha nyumba yake katika amana ya mzee mmoja aitwaye Mentor. Telemachus, mwana wa mfalme, alipoondoka baadaye kwenda kutafuta habari za babaye, mungu wa kike Athena alijivika sura ya mzee huyo akafuatana naye. Mwaka 1699 Fénelon, askofu wa Kifaransa, alitoa kitabu kuhusu kijana huyo na mwongozi wake, nacho kikasomwa Ulaya nzima; na tangu hapo jina la mtu likawa neno la kila siku. Hata leo katika lugha nyingi za Ulaya mtu mzima wa elimu amwongozaye kijana huitwa kwa jina la mzee yule.

Kiswahili hakikulikopa neno hilo, wala hakikuwa na dhiki ya kulikopa. Dhiki yake ni ya namna nyingine: kina maneno mengi, na kila moja lavuta upande wake. Katika vyuo vya udaktari vya Afrika ya Mashariki jambo lenyewe lahitaji kutajwa kila siku. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, Dar es Salaam mwaka 1963, Nairobi mwaka 1967. Na popote pale mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapati shahada yake pasipo tasnifu, na tasnifu haiandikiki pasipo mkubwa wa kumshika mkono. Mkubwa huyo aitweje? Swali hili si la pambo, maana kila jina humpa haki na wajibu wa aina yake.

Vyuo aghalabu humwita msimamizi. Neno hili lafaa kwa karatasi za ofisi, lakini msimamizi husimama, na kazi hufanywa na mwingine. Hata shambani na katika ujenzi wa nyumba yuko msimamizi, naye haulizwi kama mfanyakazi amejifunza kitu. Mshauri huulizwa ndipo akajibu, na shauri lake likipuuzwa hana lawama. Mnasihi, kwa asili yake ya nasaha, amekwisha chukua kazi ya kutuliza mioyo ya wenye matatizo. Mlezi ni neno lenye joto zaidi, kwa kuwa kulea ni kazi ya miaka, na mithali yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi wa udaktari si mtoto. Aweza kuwa na umri wa miaka thelathini, mwenye mke na watoto, aliyekwisha zalisha wanawake wengi usiku wa manane katika hospitali ya wilaya isiyo na daktari mwingine.

Pana jozi ya zamani ambayo yaelekea kusahauliwa katika majadiliano haya, nayo ni fundi na mwanagenzi. Mwanagenzi si mtoto wala si mtumishi. Ni mtu mpya katika kazi, ambaye hushika chombo mbele ya macho ya fundi, akakosea, akasahihishwa, akashika tena. Mwanagenzi wa seremala haambiwi tu jinsi ubao unavyopigwa randa, hupewa randa. Utafiti nao hufundishwa kwa mkono kuliko kwa kinywa. Mihadhara juu ya takwimu yapo mengi, lakini hakuna mhadhara umfundishao mtu kutambua kwamba swali lake ni kubwa mno kwa miezi sita aliyo nayo. Hilo hulijua fundi, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kushindwa.

Mwanagenzi wa utafiti hupitia mambo kadha wa kadha. Hupunguza swali mpaka liwezekane kujibiwa, huandika pendekezo, hupeleka pendekezo hilo mbele ya kamati ya maadili, na katika Tanzania baadhi ya mapendekezo hufika mpaka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kisha hukusanya habari, huzichambua, huandika makala, na huvumilia hukumu ya wasomaji wasiojulikana ambao jarida limewapa kazi ya kuihakiki. Mengi katika hayo hayahitaji maelezo marefu. Liko moja lihitajilo, nalo lawahusu wataalamu wa lugha pengine kuliko madaktari.

Jambo hilo ni ridhaa ya mgonjwa. Mwanafunzi ameandika pendekezo lake kwa Kiingereza, na hati ya ridhaa yapasa iwe kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine aigeuze tena kuwa Kiingereza ili ionekane kama maana imesalia. Kazi hiyo huangukia mwanafunzi, kwa kudhaniwa kwamba kila ajuaye kuzungumza Kiswahili ajua kukifasiri. Hapo ndipo hukutana na neno uchunguzi. Kwa miaka mingi uchunguzi lilikuwa ndilo jina la kazi yote ya kutafuta elimu mpya. Hata Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ililichukua jina hilo, ikadumu nalo mpaka mwaka 2009. Lakini hospitalini uchunguzi ni jambo jingine. Mgonjwa aambiwaye kwamba atafanyiwa uchunguzi huelewa kwamba daktari atamkagua, atampima damu, ataujua ugonjwa wake na kumpa dawa. Hati isemayo “tunakuomba ushiriki katika uchunguzi” yaweza kutiwa sahihi kwa furaha na mama ambaye hakuelewa hata kidogo kwamba damu itakayotolewa si kwa ajili ya mwanawe, bali ni kwa ajili ya elimu itakayowafaa watoto wengine siku za usoni.

Neno utafiti limepunguza shida hiyo, kwa sababu halina maana ya pili wodini. Hata hivyo neno jipya lina udhaifu wake: wako wazee wasiolifahamu, nao husikia tu kwamba ni jambo la wasomi. Fundi mwangalifu humfunza mwanagenzi wake kutotegemea jina, bali kulieleza jambo lenyewe: kwamba damu hii haitabadili dawa atakazopewa mtoto, kwamba mama akikataa, matibabu yatakuwa yale yale, kwamba aweza kukubali leo na kesho akajitoa. Vivyo hivyo kuhoji. Kitenzi hiki kimezoea mahakama na polisi, na mtu aambiwaye atahojiwa huweza kujifunga moyo kabla ya swali la kwanza. Wengine wamechagua kudodosa, wakapata dodoso badala ya hojaji; lakini kudodosa nako kuna harufu ya udaku. Kuuliza maswali ni kusema wazi, na yaelekea kwamba hakuna mgonjwa aliyewahi kuogopa maneno hayo mawili. Mlezi asiyeisoma hati ya Kiswahili, kwa kuwa haijui lugha au kwa kuwa ameiona ni kazi ndogo, ameiacha sehemu ya utafiti yenye hatari kuliko zote mikononi mwa mtu mwenye uzoefu mdogo kuliko wote.

Jambo la pili lenye uzito ni jina. Mwaka 1869 Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, alieleza katika tasnifu yake vikundi vidogo vya chembe katika kongosho, asijue kazi yake. Vikundi hivyo sasa vyaitwa visiwa vya Langerhans, na kutokana na neno la Kilatini la kisiwa limepatikana jina la insulini. Insulini yenyewe ilipatikana Toronto mwaka 1921 kwa kazi ya Frederick Banting, daktari, na Charles Best, kijana ambaye ndiyo kwanza amemaliza shahada yake ya kwanza, katika maabara ya Profesa Macleod. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1923 walipewa Banting na Macleod. Best hakutajwa, naye Banting alikasirika, akamgawia kijana nusu ya fedha zake, kisha Macleod akamgawia nusu yake mwanakemia Collip. Fedha ziligawanyika, bali tuzo haikugawanyika.

Kisa cha Jay McLean ni kigumu zaidi kuhukumu. Mwaka 1916, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari katika Johns Hopkins, Profesa Howell alimpa kazi ya kuchunguza kitu kigandishacho damu. McLean alikuta katika ini kitu kifanyacho kinyume chake, kizuiacho damu isigande. Howell aliendelea na kazi, na mwaka 1918 akakipa kitu alichokipata jina la heparini, kutokana na neno la Kiyunani la ini. McLean alidai sehemu yake kwa miaka mingi mpaka kufa kwake mwaka 1957. Wako wasemao kwamba kitu cha Howell hakikuwa kile kile cha McLean. Wako wasemao kwamba pasipo kijana, mzee asingalifika. Lililo dhahiri ni kwamba swali lilikuwa la mzee na ajabu iliyoonekana ilionwa na kijana, na hapakuwa na mapatano ya mbele juu ya jambo hilo.

Katika Afrika ya Mashariki kiko kisa ambacho hutajwa kwa fahari, na chastahili kutajwa kwa ukamilifu. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya, na mwaka 1958 akaandika juu ya saratani hiyo. Mwezi Machi 1961 alitoa mhadhara London; miongoni mwa waliomsikiliza alikuwapo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 makala ya virusi vilivyoonekana ndani ya chembe hizo ilitolewa kwa majina matatu: Epstein, Achong na Barr. Yvonne Barr alikuwa msaidizi aliyekuwa akisomea shahada ya udaktari wa falsafa. Bert Achong alikuwa daktari mzaliwa wa Trinidad, aliyesomea udaktari Dublin, naye alikuwa mtaalamu wa darubini ya elektroni iliyovionyesha virusi vyenyewe. Chembe zilizokuzwa zilipewa alama ya herufi za Epstein na Barr, na virusi vikaitwa kwa majina hayo mawili mpaka leo. Jina la Achong lingaliko katika makala, bali halimo katika vinywa vya madaktari.

Kwa ajili ya mambo kama haya wahariri wa majarida ya udaktari, ambao kamati yao ilikutana mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978, wameweka masharti ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kuibuni kazi au kupata na kufasiri habari zake, awe ameiandika au kuisahihisha kwa fikira, awe ameikubali katika sura yake ya mwisho, na, kwa sharti lililoongezwa mwaka 2013, awe tayari kujibu kwa ajili ya kazi nzima. Masharti haya yamkata mkubwa atakaye jina lake liwekwe kwa sababu ofisi ni yake. Yamkata pia mwanafunzi aliyekusanya karatasi mia tatu wodini kisha hakuitwa kwenye uandishi. Huyo wa pili ameonewa, maana masharti yenyewe yaagiza kwamba aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Mlezi mwema hupatana na wanagenzi wake juu ya majina na mpango wake kabla ya karatasi ya kwanza kujazwa. Huenda ndiyo maana Kiswahili cha pwani chamwita kwa neno moja, somo, yule amfundaye kijana na yule ashirikianaye naye jina.

Mwenye haja kubwa ya mlezi, na mwenye uwezo mdogo wa kumkatalia neno, ni daktari aliyesoma katika nchi moja akatafuta mafunzo ya ubingwa katika nchi nyingine. Katika Marekani karibu robo ya madaktari walisomea nje, na tangu mwaka 1956 kiko chombo maalumu cha kuzithibitisha shahada zao. Zamani daktari mgeni aliyepata alama za juu katika sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni alikuwa na kitu cha kuonyesha ambacho hakikuhitaji kujulikana na mtu. Tangu Januari 2022 sehemu hiyo hutolewa majibu mawili tu, amefaulu au hakufaulu. Wachaguzi wamegeukia alama nyingine, na miongoni mwazo ni makala zilizochapishwa na barua za sifa zilizoandikwa na madaktari wa huko huko.

Matokeo yake yaweza kukisiwa. Mgeni hujiunga na maabara au idara kwa mwaka mmoja au miwili, mara nyingine pasipo mshahara, na kibali chake cha kukaa nchini chaweza kutegemea saini ya mtu yule yule atakayemwandikia barua. Wako walezi wampokeao kwa moyo, wakampa swali lake mwenyewe na kumkutanisha na wenzao. Wako pia wamwonao kuwa mikono ya bure, naye huandika taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kwa kumi, ahesabiwe kwa idadi. Mtu aliyefundwa hivyo hutoka na orodha ndefu ya makala, asijue bado jinsi swali linavyozaliwa.

Siku hizi ulezi hufanywa hata kwa intaneti, mwanagenzi akiwa Moshi na fundi akiwa ng'ambo. Makala husahihishwa vizuri kwa njia hiyo. Hati ya ridhaa haisahihishiki, kwa kuwa fundi wa mbali hawezi kukaa kwenye benchi la kliniki akausikia mgonjwa anavyolitamka neno utafiti baada ya kuelezwa. Hapo mara nyingi huitwa mwalimu wa Kiswahili aliye karibu, akaipitia hati kwa jioni mbili. Kwa masharti ya wahariri kusahihisha lugha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Mahali pake ni mstari mmoja wa shukrani mwishoni mwa makala, nao pia husahauliwa.