Rangi ya Gari Jipya Ikibanduka: Fahamu Dhamana ya Mtengenezaji na Namna ya Kuidai

Na Mwandishi Wetu

Gari jipya ni miongoni mwa mali za gharama kubwa ambazo mwananchi hununua katika maisha yake, na wengi hulilipia kwa mkopo unaodumu miaka kadhaa. Hivyo, rangi ya gari hilo inapoanza kubanduka au kutoa malengelenge kabla mkopo haujaisha, jambo hilo si la urembo pekee. Rangi ndiyo kinga ya bati dhidi ya kutu. Ikiondoka, thamani ya gari hushuka na uhai wa bodi hupungua.

Pamoja na hayo, wamiliki wengi hukimbilia kwa fundi rangi wa mtaani na kulipa kutoka mfukoni, bila kujua kwamba kasoro hiyo ingeweza kurekebishwa bila malipo chini ya dhamana ya mtengenezaji, maarufu kama waranti. Wapo pia wanaofahamu haki hiyo lakini huipoteza kwa kuchelewa kutoa taarifa au kwa kuruhusu gari liguswe kabla halijakaguliwa. Makala haya yanaeleza dhamana hiyo inahusu nini, haihusu nini, na hatua ambazo mmiliki anapaswa kuzifuata.

Dhamana ya rangi ni nini?

Dhamana ya mtengenezaji ni ahadi ya maandishi kwamba kasoro inayotokana na malighafi au utendaji wa kiwandani, ikijitokeza ndani ya muda uliotajwa, itarekebishwa kwa gharama za mtengenezaji kupitia wakala wake aliyeidhinishwa. Kwa kawaida ahadi hiyo ni ya kutengeneza au kubadilisha sehemu yenye kasoro, si ya kumrudishia mnunuzi fedha taslimu.

Mmiliki anapaswa kutofautisha mambo matatu katika kitabu cha dhamana. La kwanza ni dhamana ya jumla ya gari, ambayo kwa watengenezaji wengi ni miaka 3 au kilomita 100,000, kutegemea kipi kitatangulia. La pili ni dhamana ya rangi ya juu, ambayo huweza kuwa ndani ya ile ya jumla au kuwa na muda wake wa pekee. La tatu ni dhamana ya kutu, ambayo mara nyingi huwa ndefu zaidi, lakini huhusu kutu iliyotoboa bati kutoka ndani kwenda nje. Kutu ya juu iliyoanzia kwenye mkwaruzo haimo katika dhamana hiyo ndefu, na hapa ndipo kutoelewana kwingi huanzia.

Muda wa dhamana huanza kuhesabiwa siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, au siku liliposajiliwa au kuanza kutumika, kadiri kitabu kinavyoeleza. Anayenunua gari la mwaka mmoja kutoka kwa mtu mwingine hupata muda uliobaki tu.

Namna ya kutambua kasoro ya kiwandani

Rangi ya gari si tabaka moja. Bati husafishwa na kupewa tabaka la kemikali ya fosfeti, kisha bodi huzamishwa katika rangi ya kuzuia kutu inayoshikizwa kwa umeme. Juu yake hupulizwa praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu linalong'aa na kuzuia makali ya jua. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa takribani maikroni 100 hadi 150, yaani kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja na nusu ya kumi ya milimita. Udhaifu katika tabaka moja huathiri yale yaliyo juu yake.

Dalili zinazoelekeza kwenye kasoro ya kiwandani ni rangi kubanduka kwa vipande vipana na kuacha tabaka la chini likionekana safi, malengelenge yanayojitokeza pasipo na mkwaruzo, tabaka angavu kuchanika na kupauka katika gari ambalo bado ni jipya, vumbi au nywele zilizonaswa ndani ya rangi, na tofauti ya rangi kati ya mlango na mlango. Kubanduka huanza mara nyingi sehemu zinazopigwa na jua zaidi, yaani paa, boneti na kingo za kioo cha mbele.

Tatizo hilo limewahi kutokea kwa wazalishaji wakubwa. Nchini Marekani na Australia, kampuni ya Toyota ilianzisha mpango maalumu wa kurekebisha baadhi ya magari yake meupe yenye namba za rangi 040 na 070, baada ya kubainika kuwa mwanga wa jua ulidhoofisha mshikamano kati ya praima na tabaka la kuzuia kutu. Mpango wa aina hiyo huhusu nchi, aina ya gari na miaka maalumu, hivyo hauwezi kudaiwa popote. Hata hivyo, unathibitisha kwamba rangi kubanduka si lazima liwe kosa la mtumiaji. Namba ya rangi ya gari hupatikana kwenye kibati cha utambulisho, ambacho mara nyingi huwa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti.

Mambo yasiyomo katika dhamana

Dhamana haihusu madhara yanayotoka nje. Haya ni pamoja na michubuko ya mawe ya barabarani, mikwaruzo, ajali, sabuni na kemikali kali, petroli iliyomwagika, na matone ya saruji kutoka kwenye ujenzi. Kinyesi cha ndege nacho kina asidi inayokula tabaka angavu. Wakazi wa Dar es Salaam wanaoegesha magari chini ya miti yenye kunguru wengi wanalifahamu hilo. Utomvu wa mwembe huacha madoa yasiyotoka. Kwa wakazi wa Tanga, Mtwara na maeneo mengine ya Pwani, chumvi ya bahari huongeza kasi ya kutu popote rangi ilipofunguka.

Aidha, dhamana hukoma kwa sehemu yoyote iliyopigwa rangi upya nje ya karakana zilizoidhinishwa. Mkaguzi wa wakala hutumia kifaa cha kupima unene wa rangi. Kipimo kikisoma maikroni mia kadhaa mahali ambapo paneli nyingine zinasoma 120, ni ishara kwamba sehemu hiyo iliwahi kupakwa puti au kurudiwa rangi. Kwa sababu hiyo, mmiliki anashauriwa asimruhusu fundi yeyote kupiga msasa au kuziba sehemu yenye kasoro kabla ya ukaguzi.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza huanza siku ya kukabidhiwa gari. Likague likiwa limeoshwa, mchana, kwa kulitazama ubavuni ili mwanga uoneshe mabonde na mikwaruzo. Kasoro yoyote iandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kusaini, kwa kuwa ni vigumu baadaye kuthibitisha kwamba mkwaruzo ulitokea safarini au kwenye yadi ya muuzaji.

Pili, kasoro ikijitokeza baadaye, osha gari na upige picha mchana, moja ya karibu na nyingine inayoonesha gari zima pamoja na namba ya usajili. Weka sarafu kando ya kasoro ili ukubwa wake uonekane. Andika tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo.

Tatu, toa taarifa kwa wakala aliyeidhinishwa mapema iwezekanavyo, na kwa maandishi. Barua au baruapepe itaje namba ya chasisi, tarehe ya kukabidhiwa gari, kilomita, maelezo ya kasoro na tarehe ilipoonekana. Ambatisha nakala ya ankara ya ununuzi, kitabu cha dhamana na kumbukumbu za matengenezo. Hakikisha unapata nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au jibu la baruapepe. Malalamiko ya mdomo kaunta hayaachi ushahidi, na muda wa dhamana ukipita huku mkizungushana, kitakachotazamwa ni tarehe iliyo kwenye karatasi.

Nne, peleka gari likakaguliwe na uombe matokeo kwa maandishi. Ombi likikataliwa, taka kuelezwa ni kifungu kipi cha dhamana kimetumika na ni ushahidi gani umeonekana. Jibu la "hiyo ni kawaida" halitoshi. Unaweza pia kuomba suala lifikishwe kwa mtengenezaji mwenyewe, au kutafuta maoni ya fundi mwingine mwenye kipimo cha unene wa rangi.

Tano, ombi likikubaliwa, uliza kabla ya kazi kuanza ni paneli zipi zitapigwa rangi, rangi ya zamani itaondolewa hadi tabaka lipi, na kazi hiyo mpya ina dhamana ya muda gani. Rangi iliyopulizwa juu ya tabaka lililokwisha kudhoofika itabanduka tena. Wakati wa kulichukua gari, linganisha rangi ya paneli mpya na za jirani kwenye mwanga wa jua, si ndani ya karakana, na upewe hati ya kazi iliyofanyika.

Ulinzi wa kisheria

Dhamana ya mtengenezaji haifuti haki ambazo sheria imempa mnunuzi. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo huchukuliwa kuwa ina sharti la kuwa na ubora unaostahili kuuzwa. Sharti hilo halihusu kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua bidhaa alipaswa kuziona. Hata hivyo, kasoro iliyojificha chini ya rangi haionekani kwa macho siku ya makabidhiano. Kwa kuwa sheria hiyo inaruhusu wahusika kukubaliana vinginevyo, ni muhimu kusoma mkataba wa mauzo kabla ya kusaini.

Vilevile, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kutoa maelezo ya uongo kuhusu kuwepo au athari ya dhamana, na ina sehemu zinazohusu wajibu wa watengenezaji. Mlaji wa Tanzania Bara asiyeridhika na majibu ya muuzaji anaweza kuwasilisha malalamiko kwa maandishi kwa Tume ya Ushindani (FCC), akiambatisha nyaraka zilizotajwa hapo juu. Kwa upande wa Zanzibar, masuala hayo yanasimamiwa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara (ZFCC). Njia ya mahakama nayo ipo wazi, ingawa ni busara kumaliza kwanza mazungumzo na muuzaji.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika

Magari mengi yanayoingia nchini ni yale yaliyokwisha kutumika nje, hasa Japani. Kwa kawaida dhamana ya mtengenezaji ya magari hayo imekwisha muda wake au inatumika katika nchi lilikouzwa mara ya kwanza pekee, hivyo wakala aliyepo nchini halazimiki kuipokea. Ukaguzi unaofanywa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) unalenga usalama na ubora wa gari kutumika barabarani. Haumhakikishii mnunuzi kwamba rangi itadumu. Mnunuzi wa gari la aina hiyo apime unene wa rangi kabla ya kulipa, na ahadi yoyote ya muuzaji iandikwe kwenye mkataba.

Endapo mmiliki ataamua kupiga rangi kwa gharama zake, akumbuke kuwa rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Akibadili rangi, anapaswa kuiarifu Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe, kwani tofauti kati ya gari na kadi huleta usumbufu barabarani, wakati wa kudai bima na siku ya kuliuza.

Wananchi wanakumbushwa kwamba dhamana ni sehemu ya bei waliyolipa. Kitabu chake kihifadhiwe pamoja na kadi ya gari, kisomwe mapema, na gari likaguliwe kwa makini angalau mara moja kabla muda wa dhamana haujaisha. Kasoro inayoripotiwa mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo hurekebishwa kwa gharama za mtengenezaji. Ikiripotiwa mwezi mmoja baadaye, mara nyingi mzigo hubaki kwa mwenye gari.