Karabai

Karabai ni taa inayochoma mvuke wa mafuta ya taa kwa msaada wa hewa iliyoshindiliwa ndani ya tangi lake. Jina limetokana na kabidi, kemikali iliyotumika katika taa za gesi za zamani. Katika Ziwa Viktoria, pamoja na visiwa vya Wilaya ya Muleba (Mkoa wa Kagera) kama vile Bumbire, karabai imetumika kwa miongo mingi kuvulia dagaa (Rastrineobola argentea), samaki wanaoitwa omena nchini Kenya na mukene nchini Uganda. Wavuvi hutoka usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa. Taa ikizimika kabla ya wavu kuvutwa, dagaa hutawanyika na mafuta yaliyochomwa tangu jioni yamepotea bure.

Jinsi inavyofanya kazi

Pampu ya mkono hushindilia hewa juu ya mafuta. Hewa hiyo huyasukuma yapande katika bomba jembamba lililo karibu na moto. Humo hugeuka mvuke, ambao hutoka kwa kasi kupitia tundu dogo sana, huchanganyika na hewa ya nje na kuwaka kwenye utambi. Utambi wa karabai si uzi wa kunyonya mafuta, bali ni kifuko cha wavu kilicholowekwa chumvi za metali. Kikichomwa mara ya kwanza kitambaa huteketea na kubaki gamba linalotoa mwanga mweupe likipata joto. Aliyebuni njia hiyo ni Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyepata hataza mwaka 1885. Gamba hilo huvunjika kwa mtikisiko mdogo, kwa hiyo mvuvi hubeba tambi za akiba.

Kutafuta hitilafu

Kasoro nyingi huanzia kwenye pampu. Ndani yake mna washa ya ngozi, kama ile ya pampu ya baiskeli ya zamani au ya baadhi ya bunduki za upepo. Ikikauka husinyaa, na mpini huingia kirahisi bila kusukuma hewa. Dawa yake ni kuitoa, kuipaka mafuta hadi ilainike na kutanua kingo zake kwa vidole. Haihitaji kununuliwa mpya mpaka ipasuke. Mpini ukirudi nje wenyewe, vali iliyo chini ya pampu inavuja na yafaa isafishwe au kubadilishwa mpira wake.

Shinikizo likishuka ingawa pampu ni nzima, kagua mpira wa kifuniko cha tangi. Povu la sabuni huonyesha mahali hewa inapotoka, lakini jaribio hilo hufanywa taa ikiwa imezimwa na kupoa. Shinikizo likiwa zuri na mwanga hafifu, kwa kawaida tundu limeziba masizi. Sindano yake hulizibua. Mwanga unaopandashuka huashiria masizi ndani ya bomba au maji katika mafuta.

Moto wa njano wenye moshi mara nyingi humaanisha kwamba bomba halikupashwa joto vya kutosha kwa spiriti kabla ya kufungua mafuta. Ikiwa lilipashwa vizuri, sogeza sehemu za kichomeo kidogo kidogo: tundu likiwa karibu mno na mdomo wa bomba la mchanganyiko, hewa inayovutwa haitoshi.

Utambi uliotoboka usiachwe, hata kama mwanga bado unaridhisha. Ulimi wa moto hupenya na kupiga kioo mahali pamoja mpaka kipasuke.

Usalama

Petroli haitiwi kamwe katika karabai ya mafuta ya taa, wala mafuta yaliyochakachuliwa nayo: mvuke wake hulipuka, na ndani ya mtumbwi hakuna pa kukimbilia. Tangi hujazwa baada ya taa kuzimwa, kupoa na kutolewa hewa. Tambi nyingi za zamani zina thoriamu, metali yenye mnururisho kidogo, hivyo vumbi lake halifai kuvutwa puani.

Taa mpya

Mwaka wa fedha 2011/2012 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Gharama ilimwangukia pia mvuvi. Taa za LED zinazotumia betri, nyingine zikichajiwa kwa sola, zimechukua nafasi ya karabai katika mialo mingi. Hazina ngozi wala utambi, lakini betri ikiisha ziwani, hakuna cha kupampu.