Judy Kibinge: Mwelekezi aliyeacha mshahara ili asimulie yaliyofunikwa

WAKAZI wa Mbotela, mtaa ulio kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, hulitaja jina la mtaa wao kila siku wanapopanda matatu au kumwelekeza mgeni. Jina hilo ni la Tom Mbotela, aliyewahi kuwa naibu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU). Aliuawa jijini Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Mitaa jirani yenye jina la Ofafa nayo humkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata.

Jina la marehemu likibandikwa kwenye mtaa, hubaki. Kisa chake ndicho hupotea asipopatikana wa kukisimulia. Hapo ndipo ilipo kazi ya watengenezaji wa filamu huru, na nchini Kenya ni vigumu kuieleza kazi hiyo bila kumtaja Judy Kibinge.

Filamu huru ni ile ambayo mwenyewe hakuajiriwa na kituo cha televisheni, kampuni kubwa wala idara ya serikali ili aitengeneze. Yeye ndiye hubuni kisa, hutafuta fedha, hukusanya waigizaji na hatimaye huhangaika kutafuta ukumbi wa kuionyeshea. Faida yake ni kwamba hakuna bwana wa kumwambia la kusema. Hasara yake ni kwamba hakuna wa kumlipa mwisho wa mwezi.

Kibinge aliijua tofauti hiyo vyema. Baada ya kusomea usanifu wa mawasiliano mjini Manchester, Uingereza, alirejea nyumbani na kuajiriwa katika kampuni ya matangazo ya kibiashara ya McCann Erickson. Alipanda ngazi hadi akawa mkurugenzi wa ubunifu. Mnamo 1999 aliiacha kazi hiyo na kujitosa katika filamu, wakati ambapo tasnia hiyo nchini ilikuwa imedorora.

Si kwamba hakukuwa na waliomtangulia. Mnamo 1992 Anne Mungai alikuwa ametoa Saikati, kisa cha msichana wa Kimaasai anayekwepa kuozwa kwa lazima. Wanjiru Kinyanjui akafuata na The Battle of the Sacred Tree mwaka wa 1995. Hata hivyo, miaka hiyo filamu ilinaswa kwa utepe wa gharama kubwa ambao ulihitaji kusafishwa katika maabara maalumu. Asiyekuwa na mfadhili hakuwa na lake.

Kamera za dijitali zilibadilisha hesabu hiyo. Mwaka wa 2002 Kibinge alielekeza Dangerous Affair, iliyotayarishwa na Njeri Karago na kumshirikisha mwigizaji Nini Wacera. Ilihusu mapenzi, ndoa na usaliti miongoni mwa vijana wa Nairobi wenye kazi za ofisini. Kwa mtazamaji aliyezoea kuona Mwafrika akiigizwa kama mwathiriwa wa njaa au vita, kuwaona watu wa jiji lake wakipendana na kukosana kwa lugha yao ya kila siku lilikuwa jambo geni. Miaka miwili baadaye alitoa Project Daddy, kuhusu mwanamke anayetamani mtoto na kuamua kumsaka baba wa kumzalia.

Filamu hizo mbili zilichekesha na kuburudisha. Ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilimpeleka kwingine. Takriban watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Katika Something Necessary, iliyoanza kuonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa mwaka wa 2013, Kibinge alimfuata Anne, muuguzi anayezinduka hospitalini na kupata kuwa mumewe ameuawa na shamba lao kuharibiwa. Mwigizaji Susan Wanjiru ndiye aliyebeba nafasi hiyo.

Sambamba na Anne, filamu inamfuata Joseph, kijana aliyekuwa katika kundi la wavamizi na ambaye sasa anasutwa na dhamiri. Kumpa mtendaji uovu sura ya kibinadamu, katika nchi ambayo vidonda vilikuwa vibichi, si jambo jepesi. Mwelekezi hakumtetea kijana huyo. Alimtaka mtazamaji amtazame.

Kazi yake nzito zaidi ilikuja mwaka wa 2015. Scarred: The Anatomy of a Massacre ni filamu ya hali halisi kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir. Mnamo Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawazuilia kwa siku kadhaa juani bila chakula wala maji. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliofariki ni 57, ilhali manusura na watetezi wao wametaja idadi inayopita hiyo mara nyingi. Katika filamu hiyo manusura na wajane wanasema wenyewe waliyoyaona. Mashahidi hao wanazeeka, na kila anayezikwa huenda na sehemu ya ushahidi. Ndiyo maana kisa kama hicho hakiwezi kungoja.

Kibinge hakuishia katika kutengeneza filamu zake tu. Alianzisha Docubox, hazina inayowapa watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki ruzuku na mafunzo. Miongoni mwa kazi zilizonufaika ni New Moon (2018) ya Philippa Ndisi-Herrmann, The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King, na Softie (2020) ya Sam Soko, iliyotuzwa kwa uhariri wake katika tamasha la Sundance nchini Marekani.

Umuhimu wa hazina kama hiyo ni rahisi kuuona. Filamu ya hali halisi huweza kuchukua miaka mingi kukamilika, kwani maisha ya wahusika hayafuati ratiba ya mwelekezi. Asiye na msaada huuza kamera kabla ya kisa kufika tamati. Anayesaidiwa na mtu mwenye maslahi naye huenda akalazimika kukatiza penye uchungu.

Leo kijana wa Mbotela anaweza kunasa picha kwa simu iliyo mfukoni mwake, jambo ambalo Anne Mungai hangeliota alipokuwa akitengeneza Saikati. Kifaa, basi, si kizuizi kikubwa tena. Kilichosalia ni fedha za kumwezesha kuendelea na ujasiri wa kuuliza maswali ambayo wakubwa wangependa yasahaulike. Anaweza kuanzia pale pale mtaani, kwa kuuliza Tom Mbotela alikuwa nani.