Macho Mekundu si Ushahidi

Buseresere, wilayani Chato, ni mji wa wageni. Dhahabu ya Geita huwakutanisha vijana wasiojuana kwa ukoo wala kabila, na penye wageni shaka haikawii. Kijana mwenye rasta anayeshinda kijiweni huitwa mwizi kabla hajaulizwa jina.

Sungusungu walizuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipokithiri na polisi wakiwa mbali. Tuwatendee haki: walirejesha usingizi vijijini, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua na kuwapa uwezo wa kukamata.

Lakini kukamata si kuhukumu. Walinzi haohao waliwapiga na kuwafukuza wanawake walioshukiwa uchawi. Tena wako vikongwe wa kanda hii waliouawa na majirani kwa sababu ya macho mekundu, wekundu uliotokana na moshi wa jikoni. Moshi wa kuwapikia watoto ukageuzwa ushahidi!

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Suratul Hujurat, aya ya 6, nayo inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi.

Ndugu msomaji, yowe likipigwa usiku huu na mwanao akashika rungu, je, atakwenda kumfikisha mtuhumiwa kituoni, au kumwua mtoto wa mwenzio? Jibu hilo hufundishwa nyumbani, kabla ya yowe.