Je, Wajua? Doa la Jino Lisilosuguliwa Likatoka

Madoa ya kahawia kwenye meno si lazima yawe uchafu. Mkoani Simiyu, hasa upande wa Meatu, baadhi ya visima vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo kabla ya miaka 8, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, doa huingia humo humo. Inauma kumsikia akisimangwa kuwa hapigi mswaki! Kusugua kwa mkaa huchubua jino tu, na kuchemsha maji hakuondoi floridi. Magadi ya kulainishia maharage nayo huweza kuiongeza. Mzazi wa Simiyu, mkingie mwanao maji ya mvua ya kunywa. Doa lililokwishaingia, daktari wa meno anaweza kulififisha au kulifunika.