Jicho la Jirani na Dawa ya Jirani

Nyumba nyingi za kupanga za mji wa Isaka, mkoani Shinyanga, zinazunguka ua mmoja: vyumba vichache, koki moja, jiko la mkaa mbele ya kila mlango. Mchana wanaume hawapo. Mmoja yuko bandari kavu, mwingine kwenye malori yanayopeleka mizigo Rwanda na Burundi, mwingine ameenda machimboni upande wa Kakola na hajulikani atarudi lini. Wanaobaki uani ni akina mama na watoto wao, na mama hao hawatoki sehemu moja. Isaka ni mji wa njia. Treni ilianza kuwapitisha watu hapa ikielekea Mwanza reli ya Tabora ilipofika ziwani mwaka 1928. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa katika ua kama huo hupata bibi wa Kisukuma, shangazi wa Kinyamwezi na mama mdogo wa Kiha kabla kitovu chake hakijakatika, na kila mmoja amekuja na ushauri wake.

Wahudumu wenzangu wa afya ya mtoto wana kawaida ya kuutupa ushauri huo wote kapu moja. "Hayo mambo ya mtaani," husema, na mama hujifunza kunyamaza akifika kliniki. Mimi sikubaliani nao. Jirani anamwona mtoto alfajiri akiamka na usiku akigoma kunyonya. Sisi tunamwona mara moja kwa mwezi, amening'inizwa kwenye mizani, analia, foleni ni ndefu. Jirani huona mapema kuliko sisi na mara nyingi huona sawasawa. Anapopotea ni pale anapoitaja sababu ya alichokiona, maana ukishataja sababu umeshachagua dawa.

Chukua utosi. "Mayu (mama), utosi wa mtoto umezama," bibi atamwambia mama, akiwa amepitisha vidole viwili juu ya kichwa cha mtoto bila hata kuombwa. Kipimo hicho ni kizuri kabisa, na daktari wa watoto hukifanya vilevile. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, na ile sehemu laini ya mbele hufunga kwa watoto wengi kati ya miezi 12 na 18. Kudunda kwake si ugonjwa. Ni mapigo ya damu, na kila mtoto anayo. Lakini ukimkalisha mtoto wima, ametulia, halafu ukakuta pamebonyea, mwili wake umepungukiwa maji. Ongeza macho yaliyoingia ndani, mdomo mkavu, kilio kisicho na machozi, nepi kavu kwa saa nyingi, na ngozi ya tumbo ambayo ukiifinya inarudi polepole. Hapo bibi amegundua kitu kikubwa kwa vidole viwili.

Ila baada ya hapo dawa hupakwa juu ya utosi: majani yaliyotwangwa, mafuta, wakati mwingine majivu. Utosi haujazama kwa sababu una ugonjwa wake. Umezama kwa sababu mtoto ameharisha tangu jana. Ukiupaka dawa unakuwa unatibu alama, huku maji yakiendelea kumtoka chini. Kinyume chake pia akijue kila mtu: utosi uliovimba na kukaza wakati mtoto ametulia, hasa akiwa na homa, unaweza kuwa dalili ya homa ya uti wa mgongo. Huyo hangoji asubuhi.

Dawa ya utosi uliozama, kama mtoto bado anaweza kunywa, ni paketi ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuyeyusha kwenye maji. Watu huidharau kwa sababu ni rahisi na inafanana na chumvi ya mezani. Utumbo wa mtoto anayeharisha hushindwa kunyonya maji matupu vizuri, lakini mlango mmoja hubaki wazi: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Viwili hivyo vikipita, maji huvifuata. Ndiyo maana maji peke yake hayatoshi, na soda haifai, maana sukari yake imezidi na huweza kuvuta maji kuyaingiza utumboni badala ya kuyatoa humo kuyapeleka mwilini.

Nguvu ya paketi hiyo ilionekana waziwazi mwaka 1971 katika kambi ya Bongaon, India, ambako wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wakifa kwa kipindupindu. Dripu zilikuwa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi, magadi na glukosi kwenye maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka chini ya asilimia 4. Waliofanya kazi kubwa pale walikuwa mama, shangazi na jirani wa mgonjwa, kikombe mkononi. Nikisikia mtu akisema watu wa kawaida hawawezi kukabidhiwa matibabu, huikumbuka kambi hiyo.

Kinachoharibu hapa kwetu ni vipimo. Mama humimina robo ya paketi kwenye kikombe, akiogopa kumaliza yote; kesho anamimina nusu. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, na ikipungua haisaidii. Paketi iliyozoeleka ni ya lita moja, yote kwa mara moja. Chupa mbili za maji ya nusu lita, zile zinazouzwa kwa wasafiri stendi, zinatosha kuwa kipimo: zijaze maji safi ya kunywa, mimina kwenye jagi, tia paketi nzima, koroga. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole zaidi. Kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Anyonyeshwe kama kawaida, hata zaidi ya kawaida. Na vidonge vya zinki alivyopewa vimalizwe kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Hivyo vinampunguzia kuhara kwa wiki zijazo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikasirisha: meno ya plastiki.

Imani hii, ambayo wengine huita meno ya nailoni, ilianza kusikika sana nchini miaka ya 1980, na ndugu zake wapo Uganda, Sudan na kwingineko. Mtoto wa miezi mitano au sita anapata homa, anaharisha, anang'ata kila kitu, anakonda. Jirani anamfunua mdomo, anaona fizi zimetuna pembeni, nyeupe nyeupe, na anasema hayo ndiyo yanayomuua. Mtoto anapelekwa kwa mtaalamu wa mtaani, na fizi zinachimbwa kwa kisu, kwa kucha au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kinachotolewa ni kidogo, laini, cheupe. Kila aliyesimama pale anakiona kwa macho yake, na ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kubishana nao.

Kinachotolewa ni jino halisi la mtoto. Ni chonge la utotoni, ambalo kwa kawaida lingetoka akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Lilikuwa bado linajijenga ndani ya fizi, na jino changa huwa laini. Uvimbe alioonyeshwa mama upo kwa watoto wote wa umri huo, wazima na wagonjwa. Chini yake kuna mbegu ya chonge la ukubwani, nayo huharibiwa pia, na mtoto huyo anaweza kufika sekondari akiwa na pengo au jino lililopinda. Hayo ni madogo. Makubwa ni kutokwa damu nyingi, pepopunda, na maambukizi yanayobebwa na chombo kilichotumika kwa mtoto wa kabla yake.

Basi mbona baadhi ya watoto hupona baada ya kung'olewa? Kwa sababu kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya siku chache, umng'oe usimng'oe. Umri nao unadanganya. Miezi mitano na sita ndipo mtoto anapoanza kushika vitu na kuvitia mdomoni, anapoanzishiwa uji, na kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua. Kuhara kungekuja tu. Fizi zilikuwepo jirani, zikabebeshwa lawama. Wapo pia waliokufa baada ya kung'olewa, lakini habari zao hazitembei uani kama za waliopona. Husemwa kwamba mama alichelewa.

Degedege ina mkasa wa aina hiyo, ila mtoto wa degedege hana muda. Jirani anaona kweli: macho yamegeuka, mwili umekakamaa, mikono inatikisika. Watu husema huyo asichomwe sindano, afukizwe kwanza. Shinyanga na mikoa jirani ina malaria nyingi, na mtoto mwenye homa na degedege anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, mpelekeni kituoni. Mengine mtayazungumza mkirudi.

Kuhusu kubemenda, yaani imani kwamba tendo la ndoa au mimba mpya ya mama humdhoofisha mtoto anayenyonya, nitasema machache, maana aibu yake ndiyo inayoumiza. Ni kweli kwamba mtoto hudhoofu mama yake akipata mimba nyingine mapema. Hudhoofu kwa sababu huachishwa ziwa ghafla, na uji anaopewa badala yake ni maji na unga. Maziwa ya mama hayakuharibiwa na tendo la ndoa wala na mimba. Lakini mama aliyenong'onwa uani kuwa "amembemenda mtoto" haji kliniki. Anaficha, na mtoto anaendelea kukonda ndani.

Hayo yote yanaonekana. Yananisumbua zaidi yasiyoonekana, kwa sababu hapo ushauri wa ua hukatika wenyewe. Udumavu, kwa mfano. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 kati ya 10 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Jirani hawezi kuliona hilo kwa macho: mtoto mfupi akiwa kati ya watoto wafupi ni mtoto wa kawaida, tena mashavu amejaa. Linaonekana kwenye kadi ya kliniki, urefu ukipimwa na kuandikwa.

Unga wa lishe ulikuja kama jibu la hilo, nao umepokewa kwa moyo mkunjufu kupita kiasi. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya, karanga, vyote mashineni, unga wa miezi miwili kwenye ndoo. Nafaka tano hazimpi mtoto kitu kikubwa kuliko nafaka moja. Zote ni wanga. Karanga nazo zikisagwa na kukaa muda mrefu huchacha, na karanga na mahindi ndizo zinazopenda kuota kuvu wa sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara waliokula mahindi yao wenyewe, na tafiti zimeihusisha na kudumaa kwa watoto. Pika uji wa nafaka moja uliyoichambua, uwe mzito wa kushika kijiko. Karanga zichague punje kwa punje, uzitwange za siku chache na kuzitia wakati wa kupika. Dagaa wa ziwani wanapatikana kila gulio: watoe mchanga, wakaange, watwange, kijiko kimoja kwenye bakuli. Yai likipatikana, mpe mtoto kabla ya mgeni. Viazi lishe vya rangi ya machungwa vinampa vitamini A ambayo michembe ya viazi vyeupe haina.

Halafu kuna zebaki. Katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Msalala hadi Nyarugusu, mchimbaji mdogo hukamata dhahabu kwa zebaki kisha hulichoma donge linalopatikana ili zebaki iruke. Wengine hulichomea nyumbani, kwenye jiko lile lile la uji, kwa kuogopa wezi. Moshi wake hauwashi macho wala haunuki, lakini ukivutwa huingia kwenye damu, na kwa mjamzito huvuka kondo hadi kwa mtoto. Minamata, Japani, ambako zebaki ya aina nyingine iliingia mwilini kupitia samaki na ugonjwa wake ukagundulika mwaka 1956, wapo mama walioonekana wazima wakazaa watoto walioharibika ubongo. Sijawahi kusikia bibi akimwonya binti kuhusu moshi huo, na simlaumu, maana hakuna cha kuona. Donge lisichomwe ndani wala uani. Nguo za machimboni zisifuliwe beseni moja na nepi. Mama aliyekwisha kuvuta moshi aendelee kunyonyesha, aondolewe tu pale penye moshi, na amweleze mhudumu wa afya ukweli wote.

Kwa hiyo, bibi, shangazi, mama mdogo, endeleeni kuangalia watoto wa wenzenu. Ukiona kitu, mwambie mama ulichokiona kabla ya kukipa jina: ameharisha mara ngapi, amekojoa saa ngapi, ananyonya au amegoma. Mhudumu wa zamu akiambiwa hivyo huanza kazi mara moja. Akiambiwa "meno ya plastiki" anapoteza muda kubishana. Na kama ni usiku na mama yuko peke yake, mumewe yuko njiani kwenda Kigali, mtafutie bodaboda na ubaki na mtoto wake mkubwa.