Uvimbe Chini ya Ubongo: Uso Nao Hutunzwa

Mgonjwa aliyepasuliwa kichwa anapofunguliwa bandeji, macho ya mke na watoto hukimbilia usoni. Si jambo la kuona haya. Uhai ni wa kwanza, lakini mtu hujulikana kwa uso wake, na madaktari walilitambua jambo hilo tangu zamani.

Chini ya ubongo, fuvu lina sakafu ya mfupa yenye matundu yapitishayo mishipa ya damu na ya fahamu. Uvimbe uotao hapo ni mgumu kufikiwa. Mwaka 1907, mjini Innsbruck, Austria, Dk. Hermann Schloffer aliufikia uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo nyuma kabisa ya pua, kwa kuikata pua na kuigeuza kando. Njia ilipatikana, lakini kovu likabaki usoni. Mwaka 1910 Dk. Oskar Hirsch wa Vienna alipitia ndani ya tundu la pua, na Dk. Harvey Cushing wa Marekani akakata ndani ya kinywa, chini ya mdomo wa juu. Siku hizi huingizwa puani kijibomba chenye taa na kamera, na wagonjwa wengi wa uvimbe huo hawana kovu la nje.

Pasipofikika kwa pua, ngozi hukatwa nyuma ya mstari wa nywele ili zilifunike kovu. Mfupa uliotolewa hurudishwa na kufungwa kwa vibati vidogo vya titani. Hata hivyo, panja laweza kubonyea msuli wake ukinywea.

Lakini kovu ni dogo kuliko mshipa wa fahamu wa uso. Mshipa huo hupita bega kwa bega na ule wa kusikia, na uvimbe wa huu wa pili huusukuma na kuutandaza. Ukidhurika, mdomo huenda upande na jicho halifumbi. Tangu mwaka 1985 madaktari hupima hali hiyo kwa daraja 6 za House na Brackmann: ya 1 ni uso mzima, ya 6 ni uliopooza kabisa. Wakati wa kupasua, umeme hafifu huonyesha mshipa ulipo. Pengine mpasuaji huacha kipande cha uvimbe kwa makusudi ili kuunusuru uso, kisha hukichunguza kwa picha mwaka hata mwaka.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya siku ya kupasuliwa muulize daktari: Atakata wapi? Mshipa wa uso u hatarini kiasi gani? Uvimbe utatolewa wote? Na jicho lisipofumba, nyumbani msisahau dawa ya matone mchana, marhamu usiku, na miwani ya kuzuia vumbi, kwani jicho kavu huweza kupofuka. Mshipa usiokatika huweza kurudisha nguvu polepole, kwa miezi, hata mwaka. Katika muda huo, mgonjwa asifichwe chumbani; aketi mezani pamoja na wanawe kama kawaida.